Sarafu Yenye Ukwapi na Utao

Mwishoni mwa kiangazi kilichopita alinijia nyumbani kijana mmoja niliyemfundisha Kiswahili zamani. Siku hizi anawaongoza wageni wanaopanda Mlima Hanang. Alipokwisha kuniamkia na kunywa chai, alitoa karatasi yenye miduara miwili aliyoichora kwa kuzungusha kalamu kwenye kifuniko cha kopo. "Mwalimu," alisema, "huu ni upande wa kwanza, na huu ni wa pili. Nimekosa cha kuweka ndani."

Nilidhani ni nembo ya timu ya mpira. Akanieleza kwamba baadhi ya wageni wake hucheza mchezo wa kusaka vikopo vilivyofichwa porini, wakiongozwa na simu zinazopokea mawimbi ya setilaiti. Wao huuita jiokeshi. Ulianzia jimbo la Oregon, Marekani, mnamo tarehe 3 Mei 2000, siku moja tu baada ya serikali ya nchi hiyo kuacha kuyavuruga makusudi mawimbi waliyopewa raia. Mtu mmoja aitwaye Dave Ulmer alifukia ndoo msituni, akatangaza mahali ilipo, na watu wakaenda kuitafuta. Mwaka uliofuata mchezaji mwingine alibuni sarafu ya kuachwa ndani ya vikopo hivyo. Kila sarafu ina namba yake. Anayeiona huandika kwamba ameiona, kisha huipeleka kwenye kikopo kingine, pengine nchi nyingine. Tangu hapo majimbo, miji na milima imechongewa sarafu zake, na wako wanaozikusanya kama wengine wakusanyavyo stempu. Kijana wangu alitaka Hanang nayo iwe na yake, auze kwa wageni na nyingine aziachie ziende zake duniani.

Upande mmoja alikwisha kufikiria simba. Upande wa pili aliandika kwa penseli sentensi ya Kiingereza inayosema kwamba hii ni nchi ya matukio ya kusisimua. Nilimwambia simba amwachie Serengeti, na sentensi ile amwachie mwenye hoteli. Maneno hayo yalinitoka kwa wepesi wa mwalimu mstaafu ambaye hana daftari za kusahihisha. Lakini aliponiuliza, "Basi tuandike nini?" sikuwa na jibu, nikamwomba wiki mbili. Ninayoyaandika hapa ndiyo niliyoyapitia katika wiki hizo, na yamenigusa zaidi ya nilivyotarajia, kwa kuwa historia ya sarafu zetu ni historia ya maneno.

Nianzie Kilwa. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu zao wenyewe, nyingi za shaba, ndogo kiasi cha kupotea katika mkunjo wa kiganja. Hazina sura ya mtu, hazina thamani iliyoandikwa, wala mwaka. Zina maandishi ya Kiarabu tu. Zile za Ali bin al-Hasan, ambaye wataalamu wengi humweka katika karne ya 11, upande mmoja zinasema kwamba mwenye sarafu anamtumaini Mola mwenye neema. Maneno yanaishia kwa sauti ya -an. Ukiigeuza sarafu unakuta jina, Ali mwana wa al-Hasan, nalo linaishia kwa -an. Pande mbili zina kina kimoja. Sentensi inaanza usoni na kumalizikia kisogoni, na asiyeigeuza sarafu hajaimaliza.

Ninyi mnaosoma ukumbi huu hamhitaji kuambiwa hicho ni kitu gani. Ni mshororo wenye vipande viwili, ukwapi na utao, na mahali pa kupumzikia pamewekwa ukingo wa shaba. Nimefundisha vina na mizani kwa miaka zaidi ya thelathini, nikitoa mifano ile ile ya vitabuni, na sikuwahi kuwaambia wanafunzi kwamba watu wa pwani hii walikuwa wakibeba vina mfukoni na kununulia samaki. Kweli, lugha ya sarafu zile ni Kiarabu, na simo miongoni mwa wale wanaotaka kila kizuri cha pwani kiwe Kiswahili tangu siku ya kwanza. Lakini aliyeamua kwamba jina la mtawala lipatane kwa sauti na sifa ya Mungu wake alikuwa na sikio la mtunzi.

Tena desturi hiyo haikuwa ya Kilwa peke yake. Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba, ilifukuliwa hazina ya sarafu zaidi ya 2,000, nyingi zikiwa ndogo za fedha zilizopigwa pwani hii hii, nazo zina maandishi ya namna hiyo yenye vina. Na sarafu za Kilwa zilitembea. Moja ya al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyejenga Husuni Kubwa na ambaye Ibn Battuta alimkuta Kilwa mwaka 1331, iliokotwa katika magofu ya Zimbabwe Kuu. Nyingine tano ziliokotwa mwaka 1944 na askari mmoja wa Australia katika ufuko wa visiwa vya Wessel, kaskazini ya nchi yake, na zikakaa miaka mingi kabla hajapatikana wa kuzitambua. Nilipomsimulia kijana habari hii alicheka, akasema kumbe masultani nao walicheza jiokeshi.

Kutoka Kilwa naruka hadi Wajerumani, maana katikati kuna mengi ya riali, ya Maria Theresa na ya Seyyid Barghash, ambayo yanataka makala yake. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianza kutoa pesa za shaba mwaka 1890. Upande mmoja waliweka tai wao, na upande wa pili jina la Kampuni kwa hati za Kiarabu pamoja na mwaka wa Hijra, 1307. Walijua wanaongea na nani. Rupia yao ya fedha ndiyo kichekesho zaidi: jina la Kihindi, mfalme wa Kijerumani mwenye kofia ya vita, na jina lake limeandikwa kwa Kilatini. Kisha mwaka 1904 serikali ya kikoloni ikaipanga upya hesabu, rupia moja ikawa na heller mia.

Heller ilikuwa sarafu duni kabisa, ya chini ya zote. Jina lake limetokana na mji wa Hall, kusini mwa Ujerumani, ulikopigwa zamani vijisarafu vya namna hiyo. Wajerumani waliondoka, rupia ikafutwa, heller ikayeyushwa au ikatobolewa ikawa kidani, lakini neno likabaki vinywani mwetu. Leo tajiri ana hela na maskini hana hela. Senti iliyokuwa haitoshi kununua kitu ikawa jina la mali yote, na anayelitamka Mbulu au Mombasa anataja mji wa Kijerumani bila habari. Pesa ilitoka India, fedha ni Uarabuni, sarafu ni ndugu wa yule mbadilishaji wa Kiarabu aitwaye sarafi, shilingi na senti zikaja na Mwingereza. Hata senti hamsini, ambayo wazee wetu waliiita sumni, ni thumuni ya Kiarabu, sehemu ya nane: riali ilipohesabiwa kuwa shilingi nne, sehemu yake ya nane ilikuwa hiyo nusu shilingi. Mfuko wa babu yangu ulikuwa kamusi, ingawa mara nyingi ulikuwa kamusi yenye kurasa chache.

Sasa nifike kwenye sarafu iliyonikalisha macho usiku, kwa kuwa iko karibu nasi kwa njia mbili. Mwaka 1916 Wajerumani walikuwa wamezingirwa na manowari za Waingereza, na sarafu kutoka kwao hazikuweza kufika. Gavana Schnee alikuwa amehamishia serikali Tabora. Huko, katika karakana ya reli, walipiga sarafu zao wenyewe: za hela 5 na hela 20 kwa shaba na shaba nyeupe iliyopatikana kwa shida, yakiwemo maganda ya risasi na mizinga, na moja ya dhahabu ya rupia 15. Dhahabu ilitoka Sekenke. Wasafiri wa malori wanaijua Sekenke kwa ule mlima wake wa kona unaotelemkia Wembere. Kutoka Katesh unapita Singida, unaingia Iramba, umefika. Ni majirani zetu.

Sarafu hiyo ina uzito wa gramu 7 na kidogo, na robo tatu yake ni dhahabu halisi. Rupia 15 zililingana na marki 20 za Ujerumani. Upande mmoja yupo tai. Upande wa pili yupo tembo ameinua mkonga akipiga kelele, na nyuma yake umesimama mlima. Chini ni mwaka 1916 na herufi T ya Tabora. Mchoro ulikuwa wa mtu wa reli aitwaye Vogt, na inasimuliwa kwamba aliyechonga muhuri alikuwa sonara wa Kisinghala, mwenyeji wa Ceylon. Zilipigwa 16,198, na kazi ikakoma, kwa kuwa tarehe 19 Septemba mwaka huo huo majeshi ya Wabelgiji yaliingia Tabora. Mwaka uliofuata, wakiwa wanakimbia kusini, Wajerumani walikuwa wakichapa noti kwa mihuri ya mpira ya kuchezea watoto. Leo mkusanyaji anayetaka ile rupia 15 hutoa maelfu ya dola.

Ni sarafu nzuri, nami sitaki kuwa mnafiki. Tembo yule ana uhai kuliko wanyama wengi waliomfuata kwenye fedha zetu. Lakini nilipoitazama picha yake kwa muda mrefu nilianza kuona kilichokosekana. Walioichimba dhahabu Sekenke hawamo, wala hawajulikani majina. Mlima umechukuliwa uwe pazia nyuma ya tembo. Na maneno yote ni ya Kijerumani, kana kwamba imepigwa mahali pasipo na watu. Zile pesa za 1890, za wafanyabiashara waliotaka faida tu, zilikuwa na adabu zaidi ya kusalimia kwa hati ambayo mwenyeji wa pwani aliweza kuisoma.

Waingereza nitawapitia haraka. Walileta shilingi mwaka 1921, yenye kichwa cha mfalme upande mmoja na simba mbele ya milima upande wa pili, hivyo kijana wangu alikuwa amechelewa karne nzima na simba wake. Ninalolikumbuka mimi ni senti kumi yenye tundu katikati na pembe za ndovu kando yake. Bibi yangu alikuwa nayo moja kwenye uzi, shingoni, miaka mingi baada ya kuwa haina thamani dukani. Hakujua kusoma. Sarafu ile aliijua kwa tundu.

Benki Kuu yetu ilifungua milango tarehe 14 Juni 1966, na sarafu zetu wenyewe zikaja mwaka huo. Mchoraji alikuwa Mwingereza, Christopher Ironside, aliyebuni pia sarafu mpya za kwao za hesabu ya mia. Alituwekea samaki kwenye senti tano, mbuni kwenye senti ishirini, sungura kwenye senti hamsini, na mkono ulioshika mwenge kwenye shilingi moja. Na maneno yakawa ya Kiswahili: Senti Hamsini, Shilingi Moja. Jirani zetu wa Kenya na Uganda waliandika zao kwa Kiingereza. Kwenye upande wa Mwalimu Nyerere yalikuwapo maneno mawili ambayo shuleni tuliyasoma bila kuyafikiri: Rais wa Kwanza. Kumwita mtu wa kwanza wakati hajafuata wa pili ni kusema kwamba wa pili atakuja. Sijui kama aliyeyachagua alikusudia hivyo, lakini sarufi ilikuwa imekwisha kusema.

Kuhusu sungura, nina dai langu. Tembo, simba na tai ni wanyama wa watawala. Sungura ni wa hadithi za bibi, mdogo anayeshinda kwa akili, na hapa kwetu yumo katika ngano za Wairaqw kama alivyomo katika za Wanyaturu na za pwani. Kumpa sumni, sarafu ya mtoto anayetumwa dukani, kulikuwa uamuzi mwema. Mwaka 1974 zilitolewa nyingine za kukusanywa, za kuhifadhi wanyama, twiga na kifaru kwa fedha na duma kwa dhahabu. Duma alikuwa wa shilingi 1,500. Katika maisha yangu yote ya kazi sikumwona mtu aliyemshika.

Wiki mbili zilipotimia kijana alirudi. Nilikuwa na jibu, au nilidhani ninalo. Nilimwambia upande wa picha tuweke mlima wenyewe, Hanang, mita 3,420, bila tembo mbele yake. Nilikuwa nimeuchora, vibaya, lakini ulitambulika. Aliutazama mchoro kwa muda, akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, mama mdogo alikuwa Gendabi."

Niliona aibu. Alfajiri ya tarehe 3 Desemba 2023 sehemu ya mlima huo iliporomoka kwa mvua, ikashuka na matope, miti na mawe, ikapita Gendabi na Katesh. Walikufa watu zaidi ya 80. Nilikuwa nimechanga blanketi kama wengine, na nilikuwa nimesahau kumuuliza mtu niliyemfundisha ni nani wake aliyekuwa kule. Yeye huupanda mlima ule kila wiki kwa ajili ya chakula cha watoto wake. Nilichukua kifutio. Akanizuia mkono. Akasema mlima ubaki, ila uchorwe na kovu lake, ule mstari wa udongo uliobaki uchi, kwa kuwa mgeni atakayeiona sarafu huko Ulaya atauliza mstari ule ni wa nini, na atakayeijua habari atamweleza.

Hivyo likabaki suala la maneno. Rafiki yangu mmoja, mstaafu kama mimi, alitaka yawe ya Kiiraqw, akahoji kwa nini Kiswahili kipewe kila mlango. Ni hoja nzito, nami sikuitupa. Wazee wetu wana slufay, sala na utenzi unaotolewa mbele ya watu nao wakiitikia, na ni mahali gani pafaapo kwa Kiiraqw kuliko mlima wa kwetu? Lakini mlima huo si wa Wairaqw peke yao. Wadatooga wanauheshimu kama mahali patakatifu, na chini yake wanaishi pia Wanyaturu na Wanyiramba. Katika ukanda huu wa Bonde la Ufa, kwa mwendo wa siku chache, unasikia lugha za Kikushi, za Kiniloti, za Kibantu, na ukifika kwa Wahadza na Wasandawe, lugha za kudata ulimi. Wataalamu wa isimu hutujia kwa sababu hiyo. Ukiandika lugha ya mmoja umewafungia wengine. Kiswahili hapa si lugha ya bibi wa mtu yeyote. Sote tulikikuta njiani, tukakialika. Rafiki yangu hakuridhika, na bado hajaridhika.

Tulifanya kama Kilwa. Upande wa mlima utasema:

Unishikaye, si wako

na upande wa pili, wenye namba ya safari:

nifikishe kwa mwenzako

Mizani nane kwa nane, kina kimoja. Kijana alihesabu kwa vidole kama nilivyomfundisha, akapata saba, akarudia, akapata nane. Aliuliza mgeni asiyejua Kiswahili ataelewaje. Nilimwambia ataigeuza kutafuta mwisho wa sentensi, na huenda akamuuliza mtu. Nilidai pia tundu katikati, kwa ajili ya bibi yangu, lakini fundi anasema tundu litakata kilele cha mlima, na kila herufi inayozidi inapandisha gharama. Tundu nimeliachia. Herufi sikuachia hata moja.

Jumamosi iliyopita alipita kuichukua karatasi. Akiwa mlangoni alisimama, akaniuliza fundi anataka kujua upande wa kwanza ni upi, wa mlima au wa namba.